Sayari zikikutana kwenye kundali: namna ya kuzisoma kwa mambo ya nyumbani

Kabla hujafungua programu ya simu wala hujataja jina la sayari yoyote, mpigie simu mama mzazi, au shangazi aliyekuwepo siku hiyo, umuulize saa ya kuzaliwa. Ukijibiwa "saa mbili na nusu usiku," usikate simu. Uliza tena: usiku wa kuamkia lini? Unajimu wa Kihindi umejengwa juu ya saa, na Waswahili wengi tunaipoteza hapo hapo, kabla hata hatujaanza.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Kiboriloni, Moshi. Kazi yangu kubwa ni sare za kicheni pati na magauni ya sendofu, na mtu akipimwa kiuno huwa anaongea. Unajimu nilifundishwa na bibi mmoja wa Kigujarati niliyekuwa namshonea blauzi za sari hapa mjini. Wajukuu zake walimwita Ba, nami nikamwita hivyo hivyo. Ba hakuwa na habari na nyota za utajiri wala za safari. Alisoma mambo ya nyumbani tu: mkwe na mkaza mwana, nani hasemi na nani wakati wa kula, kwa nini ujenzi haumaliziki. Na mimi nimebaki humo humo. Wanasayansi wa anga hawaukubali unajimu, na sina ugomvi nao. Ninaandika kwa ajili ya yule anayetaka kuusoma, ausome kwa utaratibu wake, asije akavuruga nyumba ya mtu kwa kubahatisha.

Nitatumia kundali (mchoro wa sayari zilivyokaa angani mtu alipozaliwa) ya mama mmoja anayeishi Rau. Nitamwita Mama Doreen. Jina silo lake, na habari zake amenikubalia.

Saa, siku, mahali

Alizaliwa Moshi tarehe 23 Februari 1988, Jumanne, saa mbili na nusu usiku. Kijana wa kaka yake, mwenye simu nzuri na haraka nyingi, aliandika 02:30. Simu inahesabu kuanzia saa sita ya usiku, kwa hiyo saa mbili na nusu ya usiku wetu ni 20:30. Nyota inayochomoza upande wa mashariki, ambayo Wahindi wanaiita lagna, hubadilika karibu kila baada ya saa mbili, na kwetu huku karibu na ikweta mabadiliko hayo yanaenda kwa mwendo unaokaribia kulingana mwaka mzima. Kwa saa ya kijana, lagna ya Mama Doreen ilikuwa Mshale. Kwa saa ya mama yake mzazi ilikuwa Mashuke. Tofauti hiyo peke yake iliwahamisha Mirihi na Zohali kutoka nyumba ya nne, ya mji na ardhi, ikawaketisha nyumba ya kwanza, ya mwili na tabia yake mwenyewe. Kijana akamwambia: shangazi, wewe ndiye mkali, na bahati yako inachelewa. Alipokuja kwangu kupima gauni alikuwa ameshaanza kuamini kwamba balaa la ukoo ni yeye.

Siku nayo ina mtego. Mzee akisema "usiku wa Jumatano," mara nyingi anamaanisha ule uliotangulia mchana wa Jumatano, wakati kalenda ya simu bado inasoma Jumanne. Ndiyo maana nasisitiza neno kuamkia. Cheti kitakupa tarehe, lakini saa mara nyingi utaipata kwa watu: mkunga alitoka saa ngapi, taarifa ya habari redioni ilikuwa imeshapita, ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa?

Mahali hapasumbui sana. Kati ya Moshi na Arusha tofauti ya longitudo ni chini ya digrii moja, sawa na dakika kama mbili na nusu za saa. Mtu akisema alizaliwa Arusha kumbe ni Usa River, endelea tu. Labda lagna iwe imekaa mpakani kabisa mwa nyota mbili; hapo utalazimika kuuliza zaidi.

Jambo la mwisho kabla ya kuchora: kwenye programu chagua mfumo wa Kihindi wenye hesabu ya Lahiri, ambayo ndiyo inayotumika kwenye kalenda ya serikali ya India. Hesabu hiyo inafuata nyota zenyewe zilivyo angani, na kwa sasa imeachana na ile ya magazeti yetu kwa takriban digrii 24. Ndiyo maana mtu aliyezoea kusoma kwamba yeye ni Samaki anafika kwangu anaambiwa Jua lake liko Ndoo, anadhani namdanganya.

Ichore kwa mkono

Simu itakuchorea, lakini chora mwenyewe. Mimi natumia karatasi ya kaki ya kukatia na chaki ya fundi. Chora mraba. Piga mistari miwili ya mshazari, kona hadi kona. Kisha unganisha katikati ya kila upande na katikati ya upande wa jirani, upate mraba mwingine uliosimama kwa kona yake ndani ya ule wa kwanza. Hapo una vyumba kumi na viwili, vinne vya umbo la almasi katikati na vinane vya pembetatu pembeni. Almasi ya juu ni nyumba ya kwanza. Hesabu ukielekea kushoto, kinyume na mwendo wa mishale ya saa: almasi ya kushoto ni nyumba ya nne, ya chini ni ya saba, ya kulia ni ya kumi.

Nyumba hazihami. Zinazohama ni nyota, na zinaandikwa kwa namba: Punda 1, Ng'ombe 2, Mapacha 3, Kaa 4, Simba 5, Mashuke 6, Mizani 7, Nge 8, Mshale 9, Mbuzi 10, Ndoo 11, Samaki 12. Kwa Mama Doreen unaandika 6 kwenye almasi ya juu, 7 kwenye pembetatu inayofuata, unaendelea hivyo. Ukifika almasi ya kushoto unaandika 9. Ndani ya hiyo 9 unaweka Mirihi na Zohali, wote wawili karibu digrii ya saba ya Mshale.

Kwa mambo ya nyumbani nasoma nyumba chache tu. Ya pili ni watu mnaokula pamoja, maneno yanayosemwa mezani na akiba ya ndani. Ya tatu ni ndugu, hasa wadogo. Ya nne ni mama, makazi, ardhi, na raha ya kuwa kwako. Ya tano ni watoto. Ya sita ni madeni, kesi na maradhi. Ya saba ni mume au mke. Ya nane ni mirathi, mali inayotoka kwa mwenza, na mambo yaliyofichwa. Ya kumi na mbili ni matumizi, kitanda na usingizi. Nyingine zina kazi zake, ila mtu akija analia kwa sababu ya mkwe, usianze kumpigia hadithi za cheo.

Anza na wenye nyumba

Wahindi wakisema sayari zimekutana, yuti, wanamaanisha zimekaa kwenye nyota moja. Zikiwa digrii ya 2 na ya 28 zinahesabika zimekutana, ila kwa udhaifu. Kadiri zinavyosogeleana ndivyo mkutano unavyopata nguvu.

Wengi hapa ndipo wanaporukia orodha: Mirihi na Zohali ni ugomvi, Zuhura na Mirihi ni mapenzi ya moto, Mwezi na Zohali ni huzuni. Orodha hizo zimejaa mtandaoni na zinafanana. Hazikwambii chochote kuhusu nyumba ya mtu huyu, kwa sababu kila sayari inatawala nyumba tofauti kulingana na lagna. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: sayari hizi zilizokaa pamoja ni mabwana wa nyumba zipi?

Umiliki unakariri mara moja tu. Jua ni bwana wa Simba, Mwezi wa Kaa. Mirihi ana Punda na Nge. Utaridi ana Mapacha na Mashuke. Mshtarii ana Mshale na Samaki. Zuhura ana Ng'ombe na Mizani. Zohali ana Mbuzi na Ndoo. Rahu na Ketu, ambazo ni sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi inakata njia ya Jua, wengi hawawapi nyota yoyote. Nao hawakutani kamwe, siku zote mmoja anamkabili mwenzake.

Sasa rudi kwa Mama Doreen. Kwa lagna ya Mashuke, Nge ni nyumba yake ya tatu na Punda ni ya nane, kwa hiyo Mirihi kwake ni ndugu na mirathi. Mbuzi ni ya tano na Ndoo ni ya sita, kwa hiyo Zohali ni watoto, madeni na kesi. Wote wawili wameketi nyumba ya nne, ya mama na ardhi. Ongeza kwamba Mirihi kwa asili yake ndiye sayari ya ardhi. Hata kabla hujafungua mdomo umeshaona picha: ndugu, mirathi na shauri la kesi vimekutana juu ya kiwanja cha mama.

Ukizaliwa Uchagani huhitaji kufafanuliwa zaidi. Ni kihamba, shamba la ukoo.

Sikumwambia hivyo. Nilimuuliza: kuna kipande cha ardhi ambacho nyie ndugu hamjamaliza kukizungumza? Akaweka mkoba chini. Baba yao alifariki bila kugawa. Kaka mkubwa alishapewa sehemu zamani, kitinda mimba anasema nyumba ya wazazi ni yake kwa mila, na mstari wa masale uliokuwa mpaka unang'olewa na kupandwa upya. Mama yao mzee yuko katikati, na kila mwisho wa juma simu inalia Rau.

Mwenye nyumba yuko wapi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye thamani. Sayari mbili zilizokutana kwenye nyota isiyo yao ni wapangaji. Wanaweza kugombana mpaka usiku wa manane, lakini hali ya nyumba inategemea mwenye nyumba: yuko wapi, ana nguvu gani, anaangalia mali yake au ameisahau.

Mshale ni nyota ya Mshtarii. Februari 1988 Mshtarii alikuwa Punda, nyumba ya nane ya Mama Doreen. Angalia vizuri: Mshtarii amekaa kwenye nyota ya Mirihi, na Mirihi amekaa kwenye nyota ya Mshtarii. Wamebadilishana. Wahindi wanaita parivartana, na inafunga nyumba mbili zisiachane. Hapa zilizofungwa ni ya nne na ya nane, makazi na mirathi. Huwezi kuzungumzia nyumba ya mama bila kuzungumzia urithi, na hakuna atakayeuza hata mgomba mmoja bila suala lote kufumuka.

Habari njema iko kwenye kutazama. Kila sayari inaitazama nyumba ya saba kutoka ilipo. Mirihi anaongeza ya nne na ya nane, Mshtarii anaongeza ya tano na ya tisa, Zohali anaongeza ya tatu na ya kumi, na unahesabu ukianza na pale sayari ilipokaa. Kutoka nyumba ya nane, ya tisa yake ni nyumba ya nne. Mwenye nyumba yuko mbali, lakini anaitazama nyumba yake. Kwa kundali kama hiyo nasema kuna mtu mzima ambaye neno lake bado linasikilizwa, na nauliza ni nani. Kwao alikuwepo: shemeji wa baba yao, mwalimu mstaafu, ambaye pande zote mbili bado zinampa shikamoo.

Na Mirihi anatazama wapi? Nyumba ya nne kutoka nyumba ya nne ni ya saba, ndoa. Huko alikuwa amekaa Zuhura, kwenye Samaki, nyota anayotukuka kuliko zote. Kwa maneno ya kawaida, mume ni mwema na upendo upo, ila moto unaingia ndoani kutoka kwa kina Mama Doreen. Mumewe hakuwa na kosa lolote, alikuwa amechoka kusikia habari za mpaka wakati wa chakula cha usiku. Ungesoma Mirihi akiitazama nyumba ya saba ukaishia hapo, ungemwambia mwanamke ana mume mkorofi. Nimewasikia wasomaji wakisema hivyo kwa watu wengine, na hapo ndipo kazi hii inapogeuka kuwa hatari.

Urafiki, digrii na kuungua

Sayari zina undugu wao. Kwa ufupi, Jua, Mwezi, Mirihi na Mshtarii wanaelewana, na Zuhura, Utaridi na Zohali wanaelewana. Utaridi anaenda na Jua vizuri, ndiyo maana wakiwa pamoja husifiwa kwa akili. Cha kuvutia ni kwamba uadui mara nyingi ni wa upande mmoja. Mirihi hana neno na Zohali, ila Zohali anamhesabu Mirihi adui. Mwezi hana adui hata mmoja, lakini Utaridi, Zuhura na Zohali hawampendi. Nikiona mkutano wa namna hiyo nyumbani kwa mtu, natafuta yule anayeshangaa kwa nini amenuniwa.

Zikiwa ndani ya digrii moja, sayari mbili kati ya Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali zinahesabiwa ziko vitani, graha yuddha. Jua, Mwezi, Rahu na Ketu hawaingii vita hiyo. Walimu hawakubaliani nani anashinda, na mimi sipotezi muda hapo. Kwa Mama Doreen walikuwa vitani usiku ule ule wa kuzaliwa, na kwangu hiyo inamaanisha tu kwamba jambo hili halitakuwa dogo maishani mwake.

Sayari ikikutana na Jua, pima kama imeungua, yaani imelisogelea mno. Mwezi huungua ndani ya digrii 12, Mirihi 17, Utaridi 14, Mshtarii 11, Zuhura 10, Zohali 15. Zuhura aliyeungua kwenye nyumba ya pili, kwa mfano, nimemkuta kwa akina mama wanaopika vizuri na hakuna anayewasifia. Uliza kama kuna mtu anayekumbuka kusema asante.

Mikutano mingine nitaipitia kwa haraka, na usisahau kuuliza umiliki kila mara. Mwezi na Zohali nyumba ya nne: mama aliyelea kwa wajibu, nyumba safi, maneno machache, na watoto wanaojifunza kupendwa kwa kulishwa. Jua na Zohali: baba na mtoto wa kiume hawakai chumba kimoja, hasa wakifanya biashara pamoja. Mwezi na Mirihi husifiwa kwa pesa, na kweli nimewaona akina mama wa soko la Mbuyuni wenye mkutano huo, mikono haitulii. Nyumbani wanafoka halafu wanasahau, wakati aliyefokewa hajasahau. Mwezi na Rahu ni hofu isiyo na jina, taa ya nje inayowashwa usiku kucha. Mshtarii na Rahu ni nyumba inayobishania dini au mila, mara nyingi ndoa za madhehebu mawili. Mwezi na Mshtarii kaa nao tu, unywe chai.

Zuhura na Mshtarii wanawachanganya watu. Tarehe 12 Agosti 2025 walisogeleana angani chini ya digrii moja, na tulioamka saa kumi na moja alfajiri tukakuta mawingu yamefunguka tuliwaona upande wa mashariki, waking'aa wote wawili. Kwa hesabu ya Kihindi walikuwa Mapacha. Wote ni wema, kwa hiyo watu walitegemea heri tupu. Lakini katika hadithi za Kihindi Mshtarii ni mwalimu wa miungu na Zuhura ni mwalimu wa asura, mahasimu wao. Ukiwakuta kwenye nyumba ya tano ya mtu, uliza nani anaamua shule ya watoto. Utasikia kwamba bibi mzaa baba ana maoni, bibi mzaa mama ana maoni, na wote wana hekima.

Lini

Mkutano wa siku ya kuzaliwa haufanyi kazi kila siku. Unaamka kwenye vipindi, dasha. Mzunguko wote ni miaka 120: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Unaanzia kwenye kituo cha Mwezi, yaani sehemu ya anga Mwezi alipokuwa siku ya kuzaliwa. Mwezi wa Mama Doreen ulikuwa kituo cha Krittika, ambacho ni cha Jua, akaanza na miaka kama minne ya Jua, kisha kumi ya Mwezi. Mirihi akashika tangu miaka ya mwanzo ya 2000 hadi karibu 2009, halafu Rahu, anayeelekea kumaliza karibu 2027. Ndani ya Rahu, kipindi kidogo cha Zohali kilikuwa takriban 2014 hadi 2017. Sikumpa miaka hiyo. Nilimuuliza kwanza, akataja mwenyewe: baba alianza kuugua alipokuwa sekondari, na shauri lilifika baraza la kata mwaka 2015. Muulize mtu kabla ya kumwonyesha tarehe, la sivyo atazipindisha kumbukumbu zikufuate.

Mikutano ya angani ya sasa hivi, gochara, ni jambo jingine, na ndiyo inayotisha watu bure. Tarehe 29 Machi 2025 Zohali aliingia Samaki akawakuta Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura na Rahu. Sita kwenye nyota moja. Ujumbe ulizunguka kwenye simu za watu Moshi na Arusha kwamba ndoa zitavunjika. Lakini kwa lagna ya Mashuke mkutano huo ni nyumba ya saba, kwa Mshale ni ya nne, kwa Ndoo ni ya pili, yaani kila nyumba ilikuwa na lake. Na Mwezi alishatoka kesho yake, maana hakai kwenye nyota moja zaidi ya siku mbili na kitu. Anayekaa ni Zohali, kama miaka miwili na nusu. Fuatilia yule anayekaa.

Unachosema, na unachouza

Usiuze kitu. Ba alinikataza, na nakukataza. Wapo wanaomwambia mtu mwenye Zohali mgumu anunue yakuti samawi, na akishindwa bei wanampa tanzanaiti kama mbadala, kwa kuwa Mirerani iko jirani na mawe yanapatikana. Tanzanaiti iligunduliwa 1967. Hakuna mjuzi wa kale aliyeiandikia dawa. Vaa kwa sababu ni nzuri.

Desturi zisizo na gharama kubwa sizipingi: Jumanne, siku ya Mirihi, kutoa adesi nyekundu na sukari guru kwa mwenye shida, Jumamosi, siku ya Zohali, ufuta mweusi, au kumhudumia mzee. Mama Doreen ni Mlutheri na hakutaka, akasema Jumamosi atakwenda kwa mama yake kumfulia. Nikamwambia Zohali hana neno.

Usisome kundali ya mke mbele ya mume, au ya mume mbele ya mke, mpaka kila mmoja amesikia ya kwake peke yake. Usimsomee mtu aliyekuja kuuliza habari za mwenzake asiyejua. Na ukiona mkutano mbaya nyumba ya nane, ufunge mdomo kuhusu vifo. Uliza habari za karatasi.

Ndiyo niliyomwambia Mama Doreen. Kipindi kinachofuata ni cha Mshtarii, miaka 16, naye ndiye mwenye nyumba, amekaa kwenye mirathi. Kikimkuta mambo bado yako midomoni, wapangaji wataendelea. Kwa hiyo Rahu kabla hajaondoka, yule mwalimu mstaafu aitishe kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na kusainiwa na wote, msimamizi wa mirathi ateuliwe na kuthibitishwa Mahakama ya Mwanzo, na kihamba kikatafutiwe hati ya hakimiliki ya kimila kijijini, jina la mama likiwemo akiwa bado hai. Alinunua daftari la kaunta pale pale Kiboriloni, akaandika ajenda akiwa amekaa kwenye benchi langu, na gauni tukalipima wiki iliyofuata.